Vidole viwili vya baba mdogo Mayala

Nyie wasomaji wangu mnakera. Nikiandika mpira mnajaa, nikiandika miguu mnapita kama hamjaona. Leo hampiti.

Baba yangu mdogo, Mayala, analima mpunga Nkololo. Msimu mzima anashinda kwenye majaruba, yale mashamba yaliyojazwa maji, na buti za mpira, maji yanaingia ndani. Jioni anazivua, asubuhi anazivaa zikiwa bado mbichi. Mwaka juzi akaanza kujikuna. Katikati ya kidole cha mwisho na kinachofuata ngozi ilikuwa nyeupe, imelowana, ukiigusa inabanduka. Unyayo ukakauka, ukawa unadondosha unga unga. Kucha ya kidole gumba ikawa nene, ya njano. Na harufu.

Nilienda kuwasalimia, nikaona yote hayo. Nikafanya nini? Nikamtania.

"Baba mdogo, hizo buti hata nzi wanazikwepa."

"Kaa na simu yako. Haya ni maji ya jaruba tu, mpunga ukivunwa yanaisha."

Mpunga ukavunwa, muwasho ukabaki, vidole vikapasuka. Sasa kwetu nyumba nyingi hazikosi dawa ya kupulizia pamba iliyobaki. Mayala akawaza, hii inaua funza wa pamba, itamshindwaje mdudu wa mguuni? Akaimimina kwenye mipasuko.

Mama mdogo Kabula alimkuta amekaa chini, ngozi imeungua. Akamwambia twende hospitali, akakataa. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, akabebwa hadi hospitali. Madaktari wakakuta vidole viwili vimeoza, wakavikata.

Nilikuwepo wodini muuguzi, Hilaria, alipomuuliza, "Baba, ulianza kuwashwa lini?"

"Kabla hatujapandikiza mpunga."

"Hiyo ilikuwa fangasi. Ungekuja mapema ungepewa dawa ya kupaka, ukaambiwa ukaushe vidole na uvae buti kavu. Basi."

Mayala akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu uliona."

 

Siku hizi kwenye tope hasimami, anayumba. Kabula ndiye anashika jembe la ng'ombe. Mzee anakaa kwenye tuta anaelekeza, akimwita mayo, yaani mama, "Vuta kushoto, mayo, kushoto," na Kabula anamjibu, "Njoo uvute wewe." 

Baba yako akivua viatu leo, mwombe mguu. Mtanue vidole, uangalie kwa mwanga. Ukikuta weupe au mpasuko, mpeleke zahanati wewe mwenyewe, hata akikutukana njia nzima.