Meza ya Daktari Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ndogo karibu na Jogoo Road, hakuna aliyeniuliza nimesomea wapi. Daktari Mkuu alinitazama kutoka juu hadi chini, safari fupi kweli, maana mimi ni mwanamke mfupi.

"Meza ya upasuaji hupandishwa kwa kimo changu," akasema. "Wengine mjipange."

Nikajipanga. Miaka ile ya sabini nilisimama kwa ncha za vidole, mabega juu, shingo imepinda, nikishikilia kulabu, ile bapa ya chuma inayoshikilia tumbo likae wazi. Nikirudi nyumbani Umoja nilishindwa hata kuinua sufuria. Kulalamika kulikuwa mwiko. Daktari anayeumwa alionekana hafai. Mwishowe nikamwendea seremala wa Makadara, akanitengenezea kibao cha kupandia. Daktari Mkuu alikisukuma kwa mguu hadi ukutani.

"Hapa si kanisani. Mimbari ya nini?"

Watu wakacheka. Nilichukia, na bado nachukia.

Kisha akaletwa dereva aliyeanguka kutoka kwa lori lake. Wengu, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ulikuwa umepasuka. Nikaubana mshipa kwa vidole ili Daktari Mkuu aufunge kwa uzi. Mara ganzi ikanishika begani, ikashuka kiwikoni, ikaingia vidoleni. Hofu niliyoiona siku ile sijaiona tena.

"Mzee, mkono wangu unakufa."

"Shikilia!"

"Nikiachilia, huyu anaenda."

Sista Mumbua, muuguzi wetu, alimtazama mkubwa, akanitazama mimi, kisha akakivuta kile kibao kwa kiatu.

"Panda, Daktari. Polepole."

Nikapanda. Bega likashuka, vidole vikaanza kuchoma, nikausikia mshipa tena. Uzi ukafungwa. Dereva akapona.

Tukinawa mikono, Daktari Mkuu alisema bila kunitazama, "Mgongo huniuma tangu nikiwa mwanafunzi. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Kibao hakikurudi ukutani.

Sasa nimestaafu, na shingo yangu haigeuki kushoto. Majirani wakiniita upande huo nageuka mwili mzima, au nisiwaone kabisa, nao husema daktari ana maringo. Nyinyi mnaoingia kazini leo, ombeni pa kukanyaga siku ya kwanza, msingoje mkono ufe. Nami mkinikuta njiani, nisalimieni upande wa kulia.