Muhuri Umepata Mwenyewe

Jumanne nilifika kwenye kaunta ya mizigo ya mabasi hapa Voi na kapu la nyanya za Ronge. Dada yangu wa Mombasa alikuwa na arusi kesho yake, na basi lilikuwa limekwisha washwa.

Karani yule namjua. Meneja wa zamani aliufungia kabatini muhuri wa kupokelea mizigo, akiupiga mwenyewe, na karani alipokea mizigo bila kuitazama. Kitu kikivunjika, alisema, "Muulize mwenye ufunguo." Meneja mpya amemkabidhi muhuri, akaenda zake kunywa chai.

Karani akalitikisa kapu langu. "Mama, mdomo haujashonwa."

"Wa kapu, au wake?" akauliza abiria mmoja dirishani.

"Piga tu muhuri, baba," nikasema. "Kapu si lako."

"Kapu si langu, lakini muhuri siku hizi ni wangu." Akanipa sindano ya gunia na uzi.

Nikashona nimepiga magoti, basi zima likinicheka. Nyanya zikaondoka salama, nami nikabaki nanyonya kidole kilichochomwa.

Majuzi niliandika katika safu hii kwamba wafanyakazi waaminiwe. Bado nasema hivyo. Ila nilikuwa nikiwafikiria wale wanaohudumia watu wengine.