Rehema kafuta vidole vya Bibi

Mwanangu Rehema kafuta mlango wa Bibi sasa hivi. Jamani, kaufuta!

Nipo Kerege kwa Bibi, kwenye nyumba niliyokulia. Mjomba ataibomoa ajenge ya tofali, basi nimekuja na simu kupiga picha vitu vidogo vidogo: komeo, kizingiti kilicholika katikati, msumari wa kutundikia taa.

Ila hasa nimefuata mwimo wa mlango. Bibi akila tambuu, chokaa inayobaki kidoleni anaipaka pale. Tangu mimi sijazaliwa! Mwimo wote umejaa vidole vyake vyeupe.

Nimeinama kupiga kizingiti, kugeuka namkuta Rehema na kitambaa cha maji.

"Mama, nimemtolea Bibi uchafu!"

Nimelia. Chekeni tu, lakini nimelia kweli.

Bibi naye kacheka mpaka kashika mbavu. "Unalilia chokaa na mwenye kidole nipo? Au leo umekuja kuuamkia mlango?"

Kisha akasema, "Hebu nione hizo picha zako."

Nikampa simu. Komeo. Kizingiti. Msumari. Msumari tena, kwa karibu.

"Haya, na mimi niko wapi?"

Jamani. Simu nzima, Bibi hayumo hata kwenye moja!

Sasa yuko chumbani anabadilisha khanga, anataka nimpige yeye, si misumari. Na nyie wenye bibi zenu, hebu fungueni simu muangalie, halafu mniambie kweli kama mna hata

naitwa, abee Bibi, nakuja!