Jina la Ngiri Kwenye Redio ya Gari

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mke wangu, nilipomsimulia mara ya kwanza, alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Ni kweli napenda kuongeza chumvi. Nikiona chatu porini, hadi nifike Karatu mjini ameshakuwa mrefu kama basi la Arusha. Lakini hili limenipata mwenyewe, kwenye barabara ya ukingo wa kreta, na chumvi sijatia hata punje.

Mimi ni dereva wa watalii. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na watoto nyumbani na usingizi wa kutosha kijiji kizima. Baada ya kuendesha magari ya watu kwa miaka, nikanunua langu, Landkruza kuukuu, kutoka kwa Mama Paskali wa Rhotia. Marehemu mumewe alikuwa dereva kama mimi. Aliugua akapelekwa Arusha, na mama alipofika hospitali na uji wake kwenye chupa, mzee alikuwa ameshaondoka. Hawakuagana.

Gari lilikuja na redio kol yake, ile tunayoitumia madereva kuulizana simba wamelala wapi. Hewani hatutajani kwa majina ya ubatizo. Kila gari lina jina lake, lililosajiliwa pamoja na redio, na hilo liliitwa Ngiri. Usajili ulikuwa bado wa marehemu, na sheria inataka mnunuzi auhamishe. Mama Paskali aliponikabidhi funguo alisema jambo moja tu: "Gari nenda nalo, mwanangu. Hilo jina usiwe na haraka nalo."

Nilidhani ananionea huruma na foleni za ofisini.

Basi, jioni moja napandisha kutoka kreta, nawahi geti lisifungwe, wageni wangu wamesinzia nyuma. Ukungu ukashuka. Nakwambia, ukungu ule ungeukata kwa kisu ukapaka mkate. Mara redio ikapulizwa, puu, puu, kama mtu anayepoza uji, kisha ikaja sauti ya mtu mzima asiye na haraka.

"Ngiri, Ngiri. Simama hapo ulipo."

Nikasimama. Wewe ungefanyaje? "Ngiri nakusikia. Nani mwenzangu?"

"Usisogee. Kushoto kwako barabara imekwenda na mvua."

Nikashuka kutazama. Tairi la mbele lilikuwa limekanyaga nusu udongo, nusu hewa. Chini yake mawe yalikuwa yanaporomoka, nayasikia, siyaoni. Nikarudi kwenye usukani.

"Rudi nyuma taratibu. Kata kulia. Haya, hapohapo." Aliniongoza kama mtu aliyesimama mbele ya boneti, na mbele ya boneti hapakuwa na mtu. Tulipotulia barabarani akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama Paskali yupo humo?"

"Hayupo, mzee."

"Siku nyingine uje naye."

Getini niliwauliza wenzangu kama wamemsikia. "Tumekusikia wewe peke yako," akasema Amsi, rafiki yangu tunayeendesha naye njia moja. "Ulikuwa unaongea kama mtu anayejibishana na mlango. Jina la marehemu unalibebea nini, kaka? Kahamishe usajili, kesho atataka na usukani."

Walicheka. Mimi nilicheka kuwazidi. Kulipokucha nikaenda Arusha kuhamisha usajili, na jina jipya nikachagua Simba Dume. Usinicheke.

Siku iliyofuata nikapita Rhotia kumpelekea Mama Paskali salamu za mumewe. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipofika kwenye lile swali la "Mama Paskali yupo humo?" akaacha gunzi likadondoka. Hakuniacha nimalize. Alivaa sweta, akajifunga kanga mpya juu yake, akapanda kiti cha mbele. "Twende."

Tulipofika kwenye kona ile iliyoliwa na mvua, ukungu ulikuwa umeshatangulia. Mama akachukua maikrofoni bila kuuliza inashikwaje.

"Ngiri, Ngiri. Mimi hapa. Nimekuja."

Redio ikakwaruza. Akajiweka sawa kitini, kama mtu anayesikia hodi. Ikatoka sauti ya Amsi, kutoka chini kretani, kwa heshima zake zote: "Shikamoo mama. Ngiri hayupo tena hewani. Gari hilo siku hizi ni Simba Dume."

Akanigeukia. "Umebadilisha?"

"Jana, mama. Ni sheria."

Alirudisha maikrofoni mahali pake polepole, kama anayelaza mtoto. "Sheria haina kosa," akasema. "Ni mimi sikukwambia kwa nini."

Nilirudi ofisini kuomba jina lile, na walinirudishia. Sasa gari ni Ngiri tena. Ukungu ukishuka nampitia mama, tunazima injini pale kwenye kona, anaita. Mpaka leo hatujasikia hata mpulizo mmoja. Njiani kurudi hunisimulia marehemu alivyokuwa anapuliza uji.

Kwa hiyo wewe unayenunua gari lenye redio, au hata boti ya kule Ziwa Eyasi, usajili hamisha, usije ukaokolewa kwa jina la mwingine. Ila kabla ya kwenda ofisini, pita kwanza kwa wenyewe. Waulize kama kuna mtu bado hajaagwa.