Ukungu Machoni mwa Yueqin

Yueqin alidarizi samaki. Kijijini kwetu Zhenhu karibu kila nyumba ina kiunzi cha kudarizia dirishani, lakini mikia ya samaki wake ilimfanya mtu atamani kuigusa aone kama imelowa. Uzi wa hariri aliuchambua mpaka ukakaribia kutoonekana.

Majira ya baridi mumewe, Guoliang, alianguka mlangoni akiwa amevaa kiatu kimoja, akafa. Yueqin hakulia. Aliwamiminia waombolezaji chai, akaosha vikombe, akarudi kwenye kiunzi. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nilimwona akifua shati la marehemu kwa sababu tu lilikuwa limebaki kwenye beseni.

Joto liliporudi, uzi ukaanza kumpotea. Macho yaliwasha, taa zikazungukwa na ukungu. Hakumwambia mtu. Aliyegundua ni wifi yake Cuifeng, dada wa marehemu.

"Wifi, samaki huyu anaumwa?"

"Ni wa kijani."

"Kijani cha wapi? Hiyo ni buluu, hata kuku wangu anaijua."

Yueqin akatazama. "Basi ni buluu," akasema, akaendelea kudarizi.

Tangu hapo Cuifeng akalitawala jiko lake. Akapika ini la nguruwe kwa mchicha, na uji wenye vitunda vyekundu vilivyokaushwa. Akachemsha chai ya maua ya manjano, akimtaka kwanza ainamie kikombe, mvuke umguse macho. Yueqin alikula kila alichopewa.

"Kitamu?"

"Cha moto."

"Nimeuliza utamu, si joto."

"Sijui, wifi. Kwangu vyote sawa."

Macho yakaacha kuwasha, ila ukungu ukabaki. Tukampeleka kwa Fang, tabibu wa mitishamba sokoni. Akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akatazama ulimi, kisha akamulika macho kwa tochi.

"Sisi tunasema macho ni mlango wa ini," akasema. "Machozi nayo hupitia hapo. Umelia tangu mzee aondoke?"

"Bado."

"Chai na ini endelea navyo, vinakufaa. Lakini huyu ni mtoto wa jicho, mama. Hatolewi kwa chai. Nenda hospitali."

Njiani Cuifeng akasema, "Miaka yote na kaka yangu hukutuletea mtoto. Leo unatuletea wa jicho, tena pacha."

Nilidhani watagombana. Yueqin akatoa pumzi puani, kitu kilichokaribia kicheko, akamshika wifi yake mkono ili wavuke barabara.

Hospitali wakampasua jicho moja kwanza, baadaye la pili. Bandeji zilipofunguliwa alitazama mikono yake, akaigeuza.

"Imezeeka."

"Ilizeeka zamani," Cuifeng akamjibu. "Ulikuwa huioni tu."

Sasa anadarizi asubuhi pekee, na Cuifeng bado anapika. Mwaka huu, siku ya kufagia makaburi, tulipanda mlimani pamoja. Yueqin aling'oa magugu, akafuta jiwe, akasoma jina la mumewe bila kukaza macho. Akasema fundi alikosea kidogo, mchongo mmoja umepinda.

Cuifeng akaangua kilio. Yueqin akampa leso, akasimama kando yake mpaka alipomaliza. Kisha tukateremka kwenda kupanda basi.