Shahidi wa Upande Wangu

Mama alipofariki, mimi nilikuwa Bariadi na yeye yuko Muheza. Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka. Nikapanda la kesho yake, na kabla hatujafika Singida kaka akanipigia kuniambia wameshamzika, maana sisi Waislamu hatucheleweshi maiti. Matanga niliyakuta, maziko sikuyawahi. Tangu hapo nikatia nia ya kununua gari, nisije tena kusubiri basi la kesho. Wenzangu hospitalini walinicheka: muuguzi anayeishi peke yake, nyumbani na kazini pua na mdomo, gari la nini? Wakati huo walikuwa wanakunywa soda niliyowanunulia mimi, nikawaacha wamalize.

Leseni nilikuwa nayo tayari; jioni nilijifunza kukagua magari kwenye simu. Nikajua gari linakaguliwa asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Nikajua kufunua mikeka kutafuta kutu, na kwamba oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo, uondoke zako. Hakuna aliyenitajia kwamba gari halikaguliwi na mtu mmoja.

Nililolipenda lilikuwa kijijini Nkoma, gari dogo jeupe. Mwenyewe alikuwa amehamia Mwanza na kumwachia baba yake, mzee mfugaji, aliuze. Nilifika kwa bodaboda asubuhi na mapema. Gari lilikuwa kando ya zizi, kuku wawili juu ya boneti.

"Mwangaluka, mayu," mzee akanisalimu. Nikaitikia mwangaluka, Kisukuma changu cha wodini. Akatazama barabarani nyuma yangu. "Wenzako wanakuja?"

"Nimekuja peke yangu, baba."

"Hata fundi? Hata ndugu?"

"Peke yangu."

Akakunja uso. Pale kwake, alisema, ng'ombe hatoki zizini bila shahidi wa anayeuza na shahidi wa anayenunua, na gari ni zaidi ya ng'ombe. "Kesho likikuharibikia utasema yule mzee kaniuzia mbuzi kwenye gunia. Mpigie mtu wako aje. Tutamsubiri."

Mtu wangu. Nikatoa simu na kuanza kupekua majina. Fundi Gesi. Mama Samaki. Bodaboda Stendi. Mwenye Nyumba. Miaka yote niliyokaa Bariadi, watu nilionao ni wa kuniletea vitu na wa kunidai kodi. Nikampigia muuguzi mwenzangu wa zamu. "Leo? Leo nimebanwa, dada," akasema, na nyuma yake nikasikia televisheni. Nikaendelea kupekua ili mzee asinione nimekwama. Jina la mama bado lilikuwamo. Asingejua boneti inafunguliwa wapi, lakini angemhoji yule mzee mpaka atuongezee na kuku mmoja.

"Sina mtu, baba," nikasema. Nilikuwa mpweke siku zote, lakini sikuwahi kulazimika kulitamka mbele ya mtu.

Mkewe alikuwa mlangoni mwa jiko, anafuta mikono kwenye kanga. Akaja akasimama ubavuni mwangu. "Mimi ni wa kwake," akamwambia mumewe kwa Kiswahili, nami nisikie.

"Wewe si mke wangu?"

"Leo ni wa kwake."

Mzee akanuna, lakini akanipa ufunguo. Nikafunua mikeka, nikatazama oili, nikalala chini hadi gauni likajaa vumbi. Nikawasha, likakohoa mara moja, likatulia. Halafu nikakanyaga breki na kumwomba yule mama atazame taa za nyuma, kwa sababu aliyeko kwenye usukani hawezi kuziona.

"Inawaka moja," akapaza sauti. "Ya kulia imekufa!"

"Mama wee, unaniharibia biashara!" mzee akafoka.

"Mimi shahidi wa nani?"

Nikacheka, na mzee naye akashindwa, akacheka. Bei ikashuka. Tukaandikishana, yule mama akatia dole gumba upande wangu wa karatasi, akalifuta wino kwenye kanga. Nilipokuwa nafunga mkanda akainama dirishani. "Nenda pole pole, ng'wanone, mwanangu. Ukifika utupigie."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Mama ndiye aliyekuwa akiniambia hivyo, hata nikienda sokoni. Tangu azikwe nimefika mahali pengi na hakuna aliyeuliza. Njia nzima kiti cha pembeni kilikuwa na mkoba wangu na chupa ya maji. Nilikuwa nimedhani nikiwa na gari langu nitafurahi, na kwa kweli nilishika usukani vizuri, sikuogopa hata malori. Lakini nililia tangu Nkoma hadi nilipoona mapaa ya Bariadi.

Nikaegesha mbele ya nyumba yangu. Hakuna aliyetoka kutazama. Nikakaa mle mle ndani, nikapiga namba ya mzee.

"Gari lina shida?" akauliza haraka.

"Hapana, baba. Nimefika tu."

Nikamsikia akigeuka upande wa jikoni, akimwambia mkewe, "Kafika."