Kamera Iko Wapi?

Mwalimu wetu wa filamu pale mjini Suva hakuwahi kutuachia sinema ikaenda moja kwa moja. Kidole gumba chake kilikaa juu ya rimoti, na kila tuliponogewa aliigandisha picha, akaunda fremu kwa vidole vyake virefu na kuuliza kwa sauti ya mkwaruzo, "Kamera iko wapi? Na kwa nini iwe hapo?" Ropate, mwanafunzi mwenzetu, alikuwa akilalamika, "Mwalimu, unatukatia utamu bwana!" Mwalimu alikuwa akicheka tu.

Ijumaa moja mwenzetu Vasiti alituonyesha filamu fupi aliyoipiga kwao: jiko likionekana kutoka sakafuni, mama yake akipika majani ya magimbi. Miguu ya mwanamume ikaingia. Mwiko ukaanguka. Mwalimu akaigandisha picha.

"Safi sana! Kwa nini kamera umeiweka chini vile?"

"Sikuchagua, mwalimu. Chini ya meza ndipo ninapojificha baba akirudi."

Mwalimu alishusha vidole vyake. Kisha akazima mashine, akachuchumaa mbele ya Vasiti.

"Mwanangu, leo hurudi kule. Na mama yako tunakwenda kumchukua sasa hivi."